Vidonge vya Mkereza

Mimi ni dobi, na mtu namjua kwa nguo zake kabla sijamjua kwa maneno yake. Mashati ya mdogo wangu nimeyafua tangu mama yetu alipofariki, hata baada ya yeye kuoa, kwa sababu wifi yangu alisema harufu ile ya sigara imemshinda. Hakusingizia. Ukilitumbukiza shati lake kwenye beseni, maji yanageuka rangi ya chai kabla hujatia sabuni. Na matundu je! Kifuani, mikononi, mpaka kwenye kola, vitundu vyeusi vya cheche. Nilikuwa naviziba kwa uzi, mwishowe nikachoka nikamwambia, "Vaa hivyo hivyo, upate hewa."

Karakanani walimpa jina la Dohani, yaani bomba la moshi, likamganda. Kazi yake ni ukereza. Anafunga kipande cha mti kwenye mashine, mashine inakizungusha kwa kasi, naye anakisogezea patasi mpaka kinatoka mguu wa meza au wa kitanda, wenye shingo, tumbo na kifundo. Hakuna mwingine mjini kwetu anayetoa miguu minne inayolingana kwa kupima kwa jicho tu. Ndani ya karakana ni marufuku kuwasha moto, maana vumbi la mbao likishika hakuna atakayetoka. Basi kila akimaliza mguu mmoja, Dohani alizima mashine, akatoka nyuma ya ukuta, akavuta moja, akarudi. Siku ya meza sita alikuwa anavuta sigara ishirini na nne, hapo hujahesabu za nyumbani.

Mwaka jana mguu wake wa kulia ulianza kumuuma akitembea. Alikuwa akifika nusu ya njia anasimama, anajifanya anatazama vitu kwenye vioo vya maduka. Mwanamume mzima, miaka hamsini na nne, anatazama viatu vya kike! Nikamwambia wazi, "Wewe unaumwa, acha kunichezea." Alikuwa ameficha na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu, kilichokuwa na miezi miwili na hakioneshi dalili ya kufunga.

Daktari wa upasuaji hakumzungusha. Alimwambia mishipa ya damu ya mguu imeziba kwa sababu ya sigara. Akiendelea kuvuta, mguu utakatwa chini ya goti kabla mwaka haujaisha. Akiacha, upo uwezekano wa kuuokoa. Habari zilipofika karakanani, mpiga msasa, yule anayelainisha mbao zikishachongwa, akasema, "Usihofu, Dohani. Ukikatwa utajichongea mwingine, tena wenye nakshi." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Mimi nilipohadithiwa nilitamani nimpige huyo mtu kwa pasi. Mkereza anafanya kazi amesimama kutwa nzima. Ukimkata mguu umemkata riziki, na mdogo wangu nje ya mashine ile hajui kitu kingine duniani.

Alijaribu kuacha kwa nguvu zake mara tatu. Mara ya kwanza siku nne, ya pili siku mbili, ya tatu hadi adhuhuri. Alikuwa mkali, akatetemeka, akagombana na mkewe, akagombana na mlango. Ndipo pale hospitali wakampeleka kwa daktari anayesaidia watu kuacha sigara kwa dawa. Akanijia. "Dada, twende wote. Wewe unashika vizuri maneno ya madaktari." Dohani kusoma kwake ni kwa shida, shule aliiachia darasa la tatu.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kuweza kuwa mjukuu wangu, lakini mtulivu. Alituketisha, akachukua fomu, akaanza kuuliza kwa mpangilio. Anakunywa pombe? Kidogo, siku za sherehe. Amewahi kuumia kichwa? Hapana. Anatumia dawa nyingine yoyote? Hapana.

"Umewahi kuanguka kifafa, au degedege, hata utotoni?"

"Hapana, daktari."

Alijibu kwa moyo mweupe kabisa, na uongo ndani yake haukuwemo. Uongo ulikuwa wangu, niliyekaa kiti cha pembeni nimekumbatia mkoba. Mdogo wangu alikuwa anaanguka kifafa tangu ana miaka mitano hadi kumi na mmoja, na yeye mwenyewe hajui.

Mtaniuliza, mtu asijueje ugonjwa wake? Anayeanguka haoni anapoanguka. Alikuwa akikakamaa, anatupatupa mikono, povu linamtoka, halafu analala usingizi mzito. Akiamka anauliza, "Nimelala?" Mama anamwambia, "Umelala, mwanangu, jua lilikuchosha." Na mimi, nimemzidi miaka saba, naitikia. Mama alikuwa ameona mtoto mwingine mtaani kwetu mwenye ugonjwa ule. Watu walimtengea sahani, kikombe, hata upande wa kukaa, wakisema mate yake yanaambukiza. Akaapa kwamba wake hatatengewa sahani. Akachukua vidonge zahanati ya mbali ambako hatujulikani, akawa anavisaga, anamlambisha kwa asali, anamwambia ni dawa ya minyoo. Alinishika masikio yote mawili akanambia, "Neno hili usije ukalitoa. Hata yeye usimwambie." Baadaye kuanguka kukakoma kwenyewe. Mama akafa na siri yake, nikabaki mimi peke yangu duniani ninayejua.

Sasa niambie, ningesemaje pale, mbele ya fomu? Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikafikiri: nikisema, binti huyu atazirudisha dawa zake kabatini, Dohani atarudi kwenye sigara, na mguu utakatwa. Nikanyamaza. Nikajiambia miaka arobaini na mitatu hajaanguka, ameshapona yule. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu ya kujidanganyia.

Daktari akaandika, akatupa vidonge na maelezo yake. Nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Alisema dawa hii inafanya kazi kwenye ubongo na kupunguza ile hamu. Siku sita za kwanza ni kimoja asubuhi. Kuanzia ya saba ni viwili, asubuhi kimoja na jioni mapema kimoja, na katikati yapite saa nane au zaidi. Avute kama kawaida mwanzoni huku dawa inajijenga mwilini, halafu siku ya kumi aache kabisa.

"Ukisahau kimoja, kiache kipite," akasema. "Usifidie. Usimeze viwili kwa pamoja hata siku moja. Ukizidisha unaweza kuanguka ghafla na kupoteza fahamu, hata wewe ambaye hujawahi kuanguka."

Hata wewe ambaye hujawahi. Mkoba ulinitoka mikononi. Daktari akaniokotea, akanipa pole.

Vidonge vilifanya kazi, huo ndio ukweli. Siku ya nne Dohani akasema sigara ina ladha ya karatasi. Siku ya saba alikuwa anazitupa zikiwa nusu. Mdomo ulimkauka, usingizi ukapungua, vidole vikawa na mtetemo kidogo, lakini uso ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo. "Dada, mbona hawakunipa hivi zamani?" Nami natabasamu, nasema haya, hongera. Kila mlio wa gari la wagonjwa ukipita, nilikuwa nasimama.

Siku ya kumi, asubuhi, wifi yangu alikuja kwangu na furushi la mashuka, uso umechangamka.

"Leo ndiyo siku yenyewe, wifi. Anaacha."

"Amekula dawa?"

"Amekula. Jana jioni alikisahau, basi leo nimempa viwili, cha jana na cha leo. Na cha jioni amekwenda nacho kazini, nimemwambia akimeze mchana ili asikisahau tena."

Wifi ni mwema. Alikuwa anamsaidia mumewe kwa akili ile ile tunayotumia wote, kwamba kilichokosekana lazima kirudishwe. Wala si kosa lake. Hakuwepo kwa daktari, na asingejua kilichonifanya niiache pasi juu ya shuka la watu.

"Shika hiyo pasi!" nikampigia kelele, nikatoka na kanga moja, miaka sitini na mmoja na magoti haya niliyonayo, nakimbia barabarani kama mwizi.

Karakanani mashine zote zilikuwa zinanguruma. Nilimwona kwa mbali, ameinama, kifua karibu kabisa na mti unaozunguka, patasi mkononi. Mkereza huwezi kumshtua. Ukimwita ghafla, patasi inanasa na mti unamrukia usoni. Nikajikaza nisimwite. Nikazunguka ukutani, nikaushika mkono wa swichi kuu, nikaushusha chini.

Kukawa kimya. Ule mti ukazunguka, ukazunguka, ukasimama.

"Ala! Nani kazima?" mpiga msasa akauliza.

"Mimi," nikasema. "Na atakayewasha nitamkata mkono."

Dohani akanijia amekasirika, vumbi kwenye nyusi. "Dada, umechanganyikiwa? Mguu wa watu ule, ningeuharibu!"

"Kidonge kilichoko mfukoni, nipe."

"Cha mchana hicho."

"Nipe nimesema!"

Akanipa. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko jana. Nikamvuta nje, nyuma ya ukuta, pale pale anapovutia. Chini kumejaa vishungi vya sigara. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, yote yakanikimbia, likabaki moja.

"Ulikuwa unaanguka."

"Nani?"

"Wewe. Utotoni. Kifafa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakulaza ubavu, nakufuta mdomo. Daktari alipouliza, nilinyamaza. Dawa hii haifai kwa mtu aliyewahi kuanguka, na leo umekula viwili."

Alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie mzaha. Alipoona haumaliziki, akaketi juu ya rundo la mbao.

"Mbona sikumbuki?"

"Aliyeanguka hakumbuki. Ukiamka tulikuambia umelala."

Akajifuta vumbi kwenye nyusi, akasema polepole, "Ile dawa ya minyoo."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nashangaa. Minyoo gani hiyo haiishi miaka sita." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. Nikaona anatembea kichwani mwake, anafungua mlango mmoja baada ya mwingine, nami nikamwomba Mungu asiufikie ule mmoja. Akaufikia.

"Na shule?"

Jamani, hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke.

"Ulianguka darasani," nikasema. "Wazazi wa wenzako wakakataa watoto wao wakae na wewe. Mwalimu akaja nyumbani kumwambia mama."

"Mama aliniambia mwalimu kasema kichwa changu kizito. Kwamba masomo hayaingii, nitafutiwe kazi ya mikono."

"Mwalimu hakusema hivyo."

"Na wewe uliniambia."

"Na mimi nilikuambia."

"Mwalimu alisemaje?"

"Alisema anasikitika. Alisema ulikuwa wa pili darasani."

Hakulia. Ningefurahi angelia. Aliinua sauti tu, akamwita mpiga msasa. "Njoo! Nipe moja."

Yule bwana akatoka, akatutazama mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza hana utani. Akatoa sigara akampa, akamwashia, akaondoka. Siku ya kumi, siku ya kuacha, mdogo wangu akavuta sigara mbele yangu, na mimi sikuwa na mdomo wa kumkataza. Haki ya kumkataza ilikuwa imeniishia.

"Miaka arobaini na mitano, dada," akasema. "Mtu akiniletea karatasi nasema nimesahau miwani. Mimi sina miwani. Mwanangu alipokuwa mdogo akija na hesabu zake nilikuwa namfukuza, nenda kwa mama yako, baba yako mjinga. Nimejiita mjinga kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtoto wangu." Akaitazama ile sigara. "Hii nilipewa hapa hapa, wiki niliyoletwa. Nilikuwa nalilia shule. Mkereza wa wakati ule akasema, vuta, itakutoa kilio. Ikanitoa."

Mama alitaka kumwokoa asitengewe sahani. Hakutengewa. Tulimtenga sisi, mimi na mama, na yeye mwenyewe asijue kwamba ametengwa. Nilimwambia hivyo hivyo, na kwamba naona aibu ya kutosha kunizika. Akaikanyaga sigara, akasema, "Twende hospitali."

Yule daktari alinisikiliza hadi mwisho. Hakufoka. Alimlaza Dohani kitandani, akampima, akamweka muuguzi wa kumwangalia, kisha akarudi kwangu na ile fomu.

"Mama, ulikuwa umekaa pale pale nilipouliza."

"Nilikuwa nimekaa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utamnyima dawa, akakatwa mguu."

Akaiweka fomu mezani taratibu. "Ningemnyima hii. Ningempa nyingine siku ile ile. Zipo, mama. Ndiyo maana huwa nauliza kwanza."

Zipo! Siku kumi nilikuwa nimeupima uhai wa ndugu yangu na mguu wake, kila kimoja upande wake wa mizani, kumbe mizani yenyewe niliiunda mimi. Swali moja tu ningeuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa kimekaribia sana, nusura kifike kabla yangu.

Hakuanguka. Alikaa chini ya uangalizi hadi jioni, mtetemo ukapungua, tukaruhusiwa. Vile vidonge vilivyobaki daktari alivichukua vyote. Mpango mpya ukawa viraka vya kubandika kwenye ngozi, vinavyoutolea mwili nikotini kidogo kidogo ili usipige kelele kwa kunyimwa ghafla. Kimoja kila asubuhi, mahali tofauti kila siku, leo bega hili, kesho lile. Huku umebandika, huvuti. Vikali kwanza, halafu vya kati, halafu vidogo, jumla wiki kumi na mbili. Na pipi maalumu za kumumunya hamu ikimkamata ghafla. Safari hii wifi yangu alikuwa ameketi pale, na kila sentensi alimrudishia daktari neno kwa neno.

Habari za wiki zile nilizipata kwa wifi, maana Dohani kwangu hakuja. Mashati akawa anafuliwa nyumbani kwake. Nikipita karakanani ananisalimu vizuri, "Shikamoo dada," naitikia, basi, anarudi kwenye mashine. Wifi alinambia wiki ya pili ilikuwa ngumu kuliko zote, ngozi inamwasha, analala kidogo, anakaa uani na pipi mdomoni anaangalia ukuta. Alirudi kwa sigara mara moja, nusu, akaenda mwenyewe kwa daktari kumweleza bila kuitwa. Daktari hakumgombeza. Alimwambia wengi hupitia hapo, abandike kesho kama kawaida. Daktari wa ubongo naye alimpima, akasema kwa miaka yote hiyo bila kuanguka, mashine anaweza kuendelea nayo, ila dawa yoyote asimeze bila kutaja historia yake.

Mwisho wa wiki kumi na mbili yule daktari binti aliniita. Alitaka nimweleze kila nilichokiona utotoni, kiandikwe. Nikaeleza mbele ya Dohani: mara ya kwanza uani, mara ya pili kisimani, ile ya darasani. Alisikiliza kila moja kwa makini, kama mtu anayesomewa barua yake iliyochelewa. Kidole kidogo cha mguu hakikupona, walikitoa. Mguu umebaki. Daktari aliushika kifundoni, akatafuta mapigo ya damu, akayapata, akatabasamu.

Tulitoka pamoja, tukasimama ukingoni mwa barabara kubwa mbele ya hospitali. Hapo ndipo aliponisemesha.

"Mguu huu umeuokoa wewe, dada. Usingekuja siku ile ningekufa kwenye mashine. Nakushukuru."

"Usinishukuru."

"Nashukuru. Lakini lile la shule bado. Usiniombe msamaha leo. Nikikataa utaumia, na nikikubali nitakuwa nimekudanganya."

"Nitangoja," nikasema.

"Na kama sitaweza?"

Magari yalikuwa mengi. Nikamshika mkono tuvuke, kama nilivyokuwa nikimvusha zamani nikimpeleka darasani, naye akaniachia niushike mkono wake. Tulipofika upande wa pili akautoa polepole, akaniambia niende salama, akashika njia ya karakanani kwa hatua ndefu, hasimami hata kidogo. Nilibaki pale nikimtazama anavyotembea, nimefurahi na nimeumia, mpaka alipokata kona.